Kusadikika imepakana na pepo nne: uzi wa wanaotafuta siri katika nchi za kubuni

#1 Mleta uzi, Lamu

Assalaam alaikum wanajamvi. Asiye na nafasi sasa hivi auweke uzi huu pembeni ausome usiku, maana ni mrefu na sitaki kuukata.

Jambo lenyewe limeanzia kwa ami yangu. Ami ni nahodha mstaafu, mtu wa jahazi tangu hajabaleghe, amepeleka boriti za mikoko hadi Ghuba enzi hizo biashara ile ingali hai. Siku hizi macho yake yameingia mtoto wa jicho, kwa hiyo baada ya sala ya Alasiri mimi hukaa naye barazani kwetu Langoni nikamsomea. Magazeti yakatuishia. Nikaenda ndani nikatoa Kusadikika ya Shaaban Robert, nakala yangu ya tangu shule, jalada limekwisha kubanduka. Nikaanza.

Nilipofika pale mwandishi anapoitaja mipaka ya nchi ile, kwamba imepakana na pepo, Kaskazi upande wa kaskazini, Kusi upande wa kusini, Matlai mashariki na Umande magharibi, ami akainua mkono.

"Rudia hapo."

Nikarudia.

"Nti hiyo mipaka yake ni pepo?"

Naam, ami.

"Basi haina mpaka. Upepo haumzuii mtu. Upepo humtukua."

Nilinyamaza. Kitabu hiki nimekisoma shuleni, nimekifanyia mtihani, nimekirudia mara mbili ukubwani, na mistari hiyo kila mara nimeipita kama mtu anavyoupita mlango wa jirani. Shuleni tulipewa jibu moja: Kusadikika ni Tanganyika ya ukoloni. Jibu hilo ni la kweli, sina ugomvi nalo. Kitabu kilitoka mwaka 1951, Tanganyika iko mikononi mwa Waingereza, na mwandishi mwenyewe alikuwa amekula mshahara wa ukarani wa serikali hiyo hiyo. Asingeweza kuinyooshea kidole, akaitungika nchi yake angani. Lakini jibu hilo linatwambia ni nchi gani, halafu linafunga kitabu. Halitwambii kwa nini iwe angani, wala kwa nini, katika nyua zote alizoweza kuizungushia, achague pepo.

Sasa tazameni kwa jicho la ami. Pwani yetu kaskazi huanza kuvuma karibu na Novemba au Desemba hadi Machi, kisha kusi hushika kuanzia Aprili hadi kama Septemba. Kwa kaskazi vyombo vilishuka kutoka Arabuni na India, kwa kusi vikapanda kurudi. Upepo ndio uliokuwa barabara. Kisha mrudi kwenye hadithi. Wajumbe sita walitumwa, wanne pande nne za dunia, mmoja mbinguni, mmoja ardhini. Wote walivuka. Wote walirudi na habari za kuifaa nchi yao. Walizuiwa wapi? Nyumbani. Waliporudi ndipo walipotiwa gerezani, na Karama, anayeshitakiwa na Majivuno kwa kosa la kufundisha uanasheria, anajitetea kwa kusimulia visa vyao siku baada ya siku mbele ya baraza.

Yaani nchi iliyoachwa wazi pande zote ina ukuta mmoja tu, na ukuta huo uko ndani yake. Mimi naamini Shaaban aliuficha pale kwenye mipaka ili mtu anayeijua bahari auone kabla hata kesi haijaanza.

Mnasemaje? Na je, katika vitabu na filamu zenu kuna mahali pa kubuni palipowafungukia hivi baada ya miaka?

#2 Mdau wa Tanga

Mleta uzi, salamu kwa ami. Sisi wa Tanga Shaaban ni wetu, amezaliwa Vibambani hapa jirani mwaka 1909, kwa hiyo uniwie radhi nikisema kwa ukali kidogo.

Unatia kitu ambacho hakimo. Mtu yeyote wa pwani hutaja pande za dunia kwa pepo. Kaskazini ni kule kwenye kaskazi, kusini ni kule kwenye kusi, ndivyo majina yenyewe yalivyozaliwa. Mzee Shaaban alikuwa anataja pande nne kwa Kiswahili kizuri, basi. Hapo pana lugha, siri hapana. Tukianza hivi, kesho mtu atatwambia hata nukta katika kitabu zina maana.

#3 Mleta uzi

Ndugu wa Tanga, nimelipokea, na sehemu ya kwanza uko sawa kabisa. Maneno hayo ni ya kila siku. Lakini kwetu huku tuna kisa kinachofundisha kwamba cha kila siku ndicho kinachofichia vizuri kuliko vyote.

Fumo Liyongo alipofungwa kwa amri ya mfalme wa Pate, mamake alikuwa akimpelekea chakula kwa mkono wa kijakazi Saada. Chakula kizuri walinzi wakila wao. Makombo na kibaya wakimwachia yeye. Liyongo akatunga wimbo, akampa Saada aufikishe kwa mama, walinzi wanasikia na hawaelewi. Mama akaelewa. Akaoka mikate mizuri, na pamoja nayo akaoka mkate wa wishwa, ndani yake akatia tupa, chombo cha kukerezea chuma. Walinzi wakaichukua mizuri. Wa wishwa wakamtupia mfungwa kwa dharau. Halafu akaomba watu wapige gungu nje, ngoma na matwari na siwa, na chini ya kelele hizo akasugua minyororo mpaka ikakatika.

Kisa hiki nimekisikia tangu mdogo, na wengi wenu pia. Ninachokichukua hapa ni viwili. Kwanza, tupa ilikaa kwenye mkate ambao hakuna aliyeutamani, kwa hiyo kusema "hilo ni neno la kawaida" hakutoshi kuniambia ndani hamna kitu. Pili, na hili ni la upande wako: tulijuaje kuwa ni tupa? Kwa sababu ilikata. Kama Liyongo angevunja mkate akakuta kijiwe kilichosalia kwenye unga, asingekaa akakisifu kwamba ni fumbo la mama. Angekitema.

Basi mimi kila ninapodhani nimeona maana iliyofichwa katika mji au nchi ya kubuni, hujiuliza: inakata nini humu hadithini? Hii ya pepo inakata. Inanieleza kwa nini safari zote za wajumbe zinafanikiwa kuvuka halafu zinaharibikia mlangoni mwa nyumba. Nikiiondoa, mipaka inabaki pambo.

#4 Mwalimu, Malindi

Nafundisha Kiswahili kidato cha tatu na nne, na uzi huu umenigusa mahali panaponiuma.

Wanafunzi wangu wamezoea kwamba mahali pa kubuni ni kitendawili cha jibu moja. Tulipokuwa tunasoma Kigogo, tamthilia ya Pauline Kea inayotokea nchi ya kubuni ya Sagamoyo, kila daftari lilikuwa na sentensi ile ile: "Sagamoyo inawakilisha nchi za Afrika baada ya uhuru." Alama mbili, tunasonga mbele. Wachache wenye bidii zaidi wakaandika kwamba Sagamoyo ni Bagamoyo. Nikawauliza, kwa hiyo? Wakanitazama.

Ilinichukua kipindi kizima. Niliwaambia walitamke polepole. Bagamoyo wengi hulieleza kwamba ni bwaga moyo, utue mzigo wa moyo. Sagamoyo je? Saga. Moyo uwekwe baina ya mawe. Mtoto mmoja wa nyuma, ambaye huwa hasemi, akasema: "Mwalimu, sokoni kumefungwa." Akimaanisha lile soko la Chapakazi alilolifunga Majoka, mtawala wa Sagamoyo. Mahali watu walipokuwa wakitulia mzigo na kupata riziki pamefungwa, kilichobaki ni kusagwa. Hakuna mwongozo uliompa hilo. Alilitoa kichwani mwake.

Kwa hiyo naungana na mleta uzi. Jibu la "inawakilisha nchi fulani" ni mlango, na sisi walimu tumelifanya kuwa nyumba nzima. Nasema sisi, nami nikiwemo.

#5 Kijana wa Malindi

Mwalimu shikamoo. Mleta uzi shikamoo.

Mimi ni mtu wa filamu kuliko vitabu. Huku kwenye filamu mambo haya yamekwenda mbali sana, na nimetumia usiku mwingi nikitazama watu wakichambua picha moja moja. Naweka machache mniambie kama yana tupa:

Ile hoteli ya Overlook katika filamu ya kutisha ya The Shining. Chumba ni 237. Wanasema namba hiyo ni umbali wa kwenda mwezini, maili 237,000, na kwamba mwongozaji Stanley Kubrick alikuwa anakiri kwa fumbo kuwa yeye ndiye aliyepiga picha za kutua mwezini. Tena ofisi ya meneja ina dirisha linaloonyesha nje, na ukifuata korido utaona ofisi hiyo iko katikati ya jengo, dirisha haliwezekani.

Wakanda, ile nchi ya Kiafrika ya kubuni katika filamu ya Black Panther. Wanasema shujaa wake, Black Panther, alipewa jina la chama cha Wamarekani weusi cha Black Panther, na nchi nzima ni ilani ya chama hicho.

Nchi ya Oz, ile ya The Wizard of Oz. Barabara ya matofali ya njano ni dhahabu, viatu ni fedha, hadithi yote ni ugomvi wa sarafu Marekani.

Fumbo mfumbe mjinga, mwerevu huling'amua. Mimi nataka kuwa mwerevu.

#6 Mleta uzi

Marahaba kijana wangu. Umeleta mizigo mizito, acha niishushe mmoja mmoja, na mmoja nitaukalia zaidi.

Methali uliyoitoa ni nzuri, ila ina hatari yake. Inatufanya kila mtu atake kuwa huyo mwerevu, na mtu akitaka sana kung'amua ataishia kung'amua hata pasipofumbwa.

Wakanda ni rahisi. Katika vibonzo ilionekana mara ya kwanza katikati ya mwaka 1966, kazi ya Stan Lee na Jack Kirby. Chama hicho kilianzishwa Oktoba mwaka huo huo, huko Oakland. Jina la shujaa limetangulia chama. Hii ni kijiwe, kitemwe. Na mtu akikitema anabaki na swali lenye uzito zaidi, kwamba mwaka 1966, huku nchi za Afrika zikipata uhuru moja baada ya nyingine, Wamarekani wawili walibuni nchi ya Kiafrika ambayo haikuwahi kutawaliwa na yeyote na inayowashinda wageni kwa ufundi. Na filamu ilipotoka mwaka 2018 wakachagua watu wa nchi hiyo waseme isiXhosa, lugha iliyo hai, yenye watu wake. Hapo mimi ningechimba.

Overlook ndiyo ninayotaka kuikalia, kwa sababu ndani ya hoteli hiyo moja mna kijiwe na mna tupa.

Namba kwanza. Katika riwaya ya Stephen King chumba ni 217. Filamu ya mwaka 1980 ilipiga picha za nje za hoteli ya kweli, Timberline Lodge, kule Oregon. Hoteli hiyo ina chumba 217. Wenyewe wakahofia kwamba wageni watakikataa, wakaomba namba ibadilishwe iwe ya chumba wasichokuwa nacho. Ikawa 237. Mwenye hoteli aliogopa kukosa mpangaji! Mtu yeyote wa Lamu aliyewahi kukodisha vyumba wakati wa Maulidi anaelewa hofu hiyo bila kuelezwa. Isitoshe mwezi uko mbali na dunia wastani wa kilomita 384,400, ukizigeuza maili unapata karibu 239,000. Hata hesabu yenyewe ilisukumwa ikae.

Sasa dirisha. Hili silitemi. Jan Harlan, aliyekuwa miongoni mwa watayarishaji wa filamu ile, amekwisha kusema kwamba seti ilijengwa makusudi isilingane, ukumbi mkubwa usiweze kuingia ndani ya jengo tunaloliona nje. Lakini hata asingesema, jaribuni kuliuliza lile swali langu: linakata nini? Linakata. Hadithi ni ya mtu anayepotelewa na akili ndani ya nyumba. Wewe mtazamaji hujui kwamba dirisha haliwezekani, ila mwili wako umekwisha kuhisi kwamba nyumba hii haishikiki kichwani, huwezi kuichora. Umepotea pamoja naye. Namba ya chumba inakutoa nje ya hadithi ikakupeleka mwezini. Dirisha linakuingiza ndani zaidi. Kwangu mimi hiyo ndiyo tofauti, na sijapata nyingine iliyo bora.

Kuhusu Oz kwa ufupi. Kitabu cha L. Frank Baum ni cha mwaka 1900. Maelezo ya dhahabu na fedha yaliletwa na mwalimu wa shule ya sekondari, Henry Littlefield, katika makala ya mwaka 1964, na alikuwa akitafuta njia ya kuwafanya wanafunzi wake waelewe historia ya vuguvugu la wakulima lililohusika na ugomvi huo wa sarafu. Mwaka 1992 yeye mwenyewe aliandika kwamba hakuna msingi wa kumhesabu Baum mfuasi wa siasa hizo. Ila kuna jambo kitabuni humo ambalo watu wa sarafu hulipita mbio: ule Mji wa Zumaridi si wa kijani kama unavyosemwa. Kila anayeingia huvishwa miwani ya kijani inayopigwa kufuli nyuma ya kichwa, ndipo anaona kijani kila mahali. Mimi nikisoma hapo huwaza miwani yangu.

#7 Bi wa Mkomani

Nimekuwa nikisoma kimya. Leo nimeshindwa kunyamaza kwa sababu wanaume mnatafuta siri mwezini na siri ziko ndani ya nyumba.

Mengi ya mnayoyaita maana zilizofichwa hayakufichwa na mtu. Mwandishi aliandika kwa watu wake, kisha kitabu kikasomwa na wengine. Miaka iliyopita nilikuwa Nairobi, tukisoma na wenzangu hadithi fupi moja iliyokaa katika nyumba ya Kiamu. Mgonjwa yuko msana, yaani ukumbini, wanawake wanaingia na kutoka. Kisha mwandishi akasema tu kwamba walimhamishia nyumba kati. Wenzangu wakaendelea kusoma, wakisubiri kama atapona. Mimi nilikwisha kuweka kitabu chini. Nyumba kati, kwa asiyejua, ni kile chumba cha mwisho kabisa, nyuma ya chumba kiitwacho ndani, ndimo wanawake walimojifungulia na ndimo maiti alimooshwa. Alipotajwa chumba nilijua. Wao walijua kurasa mbili baadaye, wakaniuliza nimewezaje kutabiri.

Sikutabiri. Nimekulia humo.

Hali kadhalika zidaka, vile vishubaka vya ukutani. Watalii hupiga picha zidaka wakidhani ni urembo wa ukuta. Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir alipotunga Al-Inkishafi juu ya kuanguka kwa Pate, zile zidaka zilizokuwa zikipangwa vyombo vya kigeni akazionyesha zimekuwa viota vya ndege. Hakueleza zaidi, na wa zama zake hawakuhitaji kuelezwa. Kidaka kitupu ni nyumba isiyo na mwana wa kuolewa, isiyo na mgeni wa kuonyeshwa, ukoo umekatika. Msomaji wa leo anaita hiyo ishara. Bibi yangu angeiita msiba.

Mimi nashauri kabla hamjatafuta siri ya mahali, muulizeni anayeishi mahali kama hapo. Kama mleta uzi alivyoulizwa na ami, ingawa yeye hakumuuliza ami, ami ndiye aliyemkatiza.

#8 Mleta uzi

Bi, umenifunza, na hilo la mwisho nimelikubali kwa moyo mmoja. Nilikuwa namsomea ami nikidhani namfaa yeye.

Nataka kuongeza neno moja tu juu yako. Pepo za Kusadikika ni kama nyumba kati yako: kwa nahodha si siri. Pengine mimi ndiye niliyeziita siri kwa sababu nimekulia kwenye vitabu na boti za injini.

#9 Kijana wa Malindi

Nimekubali kuhusu 237, imeniuma lakini nimekubali. Nimelala naliwaza lile dirisha.

Swali langu ni moja. Mwandishi mwenyewe akikana je? J. R. R. Tolkien aliandika katika dibaji ya toleo la pili la riwaya yake The Lord of the Rings kwamba hapendi istiari za namna ile, na kwamba vita vya kitabuni si Vita vya Pili vya Dunia. Basi tuache? Au tuseme anaficha?

#10 Mleta uzi

Tusiache, wala tusiseme anaficha. Pale pale alipokana, Tolkien alitofautisha mambo mawili: mwandishi kumlazimisha msomaji aione maana moja, na msomaji kuwa huru kuichukua hadithi akaipima kwenye maisha yake. La kwanza alilikataa, la pili alilipenda.

Na tena alikuwa mkweli. Alipigana Somme mwaka 1916. Baadaye katika barua alikiri kwamba yale mabwawa ya wafu na njia ya kufikia lango la Mordor, nchi ya adui kitabuni humo, yana deni kwa kaskazini ya Ufaransa ilivyokuwa baada ya mapigano yale. Kwa hiyo Mordor si Ujerumani, lakini tope lile ni la kweli. Mtu alilikanyaga. Ninaona hapo pana jibu lako: nchi ya kubuni haina haja ya kuwa nchi fulani ili iwe imetoka mahali.

#11 Mdau wa Kwale

Ngojeni, mbona hakuna aliyemtaja Katama Mkangi? Mtu wetu wa pwani, mwalimu wa chuo kikuu, akawekwa kizuizini mwaka 1986, kisha mwaka 1995 akatoa Walenisi. Dzombo anahukumiwa kufa, anatiwa ndani ya chombo cha kwendea angani ambacho hakuna aliyekipanda akarudi, anafaulu kukiendesha na kutua sayari ya Walenisi, ambako watu wanaishi kwa haki.

Tamka jina la sayari polepole kama mwalimu alivyowaambia watoto. Wale. Ni. Sisi.

Hii haikufichwa hata kidogo, imeandikwa kwenye jalada, na bado nilifika nusu ya kitabu ndipo nikaiona! Nilisimama nikacheka peke yangu, kisha machozi yakanitoka. Mtu aliyefungwa na serikali yake anatoka, na badala ya kuandika "wale walionifunga", anaandika wale ni sisi.

Halafu Dzombo. Huku kwetu Dzombo ni mlima, una msitu wa kaya, ule mtakatifu wa wazee. Mtu aliyepewa jina la mlima akarushwa angani. Je, ni tupa au kijiwe?

#12 Mleta uzi

Ndugu wa Kwale, umenitoa jasho. Jina la sayari ni tupa, halina mjadala. Mlima nimeupenda mno, na kwa sababu nimeupenda mno nauogopa. Nitakisoma tena kitabu nikiangalia kama kaya, mlima au msitu wa wazee vinafanya kazi yoyote Dzombo anapokuwa huko juu. Nikikuta, nitarudi hapa. Mwenye nakala karibu naye anitangulie.

#13 Mdau wa Tanga

Nimerudi, na nimerudi na kitabu mkononi. Tangu juzi sijatulia.

Mleta uzi, nataka kukubali nusu na kukushika nusu. Nusu ninayokubali: hakika wajumbe wanazuiwa nyumbani, na mwisho baraza linapomwachilia Karama wanaachiliwa na wao, kwa hiyo kesi nzima ni kuubomoa huo ukuta wa ndani. Nilikuwa sijaiona hivyo.

Nusu ninayokushika ni hii. Umezungumza habari za kaskazi na kusi tu kwa sababu ndizo zinazoifaa hoja yako. Umande si upepo wa msimu. Umande huvuma kutoka bara alfajiri, jua likipanda umekwisha. Kama mipaka ni barabara, mpaka wa magharibi ni barabara ya saa chache tu. Muulize ami.

#14 Mleta uzi

Nimemuuliza. Nimemsomea uzi wote tangu mwanzo, na akataka nirudie maneno ya Bi wa Mkomani mara mbili.

Kuhusu umande alisema: "Huyo wa Tanga ni mtu wa bahari au kwao mna mtu wa bahari." Kisha akaeleza kwamba umande ndio humtoa mvuvi. Akichelewa kuamka, siku hiyo hatoki, atabaki akipiga kafi. Kwa hiyo ndugu wa Tanga, nimekosea kuzifanya pepo zote kuwa moja. Mpaka mmoja wa Kusadikika hufunguka kwa miezi, mwingine hufunguka kabla jua halijachomoza. Sijui bado hilo linakata nini katika kisa cha mjumbe wa magharibi. Nitakisoma kwa jicho hilo.

Lakini ami hakuishia hapo. Alinyamaza sana, kahawa ikampolea mkononi, kisha akauliza: "Yule wa kaskazini alikwenda kwa upepo upi?"

Nikamwambia kitabu hakisemi habari za tanga wala jahazi, nchi yenyewe iko angani.

"Haidhuru. Kaskazini hakuendewi kwa kaskazi, kaskazi hutoka huko. Huendewa kwa kusi. Na akisha kufika hawezi kurudi kesho. Atangoja kaskazi ianze." Akahesabu kwa vidole, akapata miezi. Akanitajia bandari alizongojea yeye ujanani, alivyojifunza kuagiza chakula kwa lugha za wenyewe, alivyozika baharia mwenzake huko na kumsomea hitima msikiti asioujua. Haya yote sijapata kuyasikia, na nimeishi naye nyumba moja miaka yangu yote.

"Sasa," akasema, "huyo mjumbe aliyengoja upepo ugenini, wale waliomtuma wakamngoja yeye yule yule. Akashuka mtu mwingine. Ndipo wakamfunga."

Adhana ya Magharibi ikatukuta hapo. Wiki ijayo tunaanza na kisa cha mjumbe wa kaskazini, ukurasa kwa ukurasa, baada ya Alasiri. Nitaweka hapa atakayoyasema ami kila siku. Ndugu wa Tanga, wewe tushikie umande.